Mama Mkwe, Nyuki Wadogo na Kaa Wangu Wawili

Nilipoolewa na kuhamia Same nilifika na cherehani yangu, mabegi mawili na tangi la kioo lenye kaa watatu. Ndugu za mume wangu waliotupokea stendi waliigombea cherehani, wakayabeba mabegi, lakini lile tangi kila mmoja alimwachia mwenzake. Mwishowe nililishika mwenyewe upande mmoja, mume wangu upande wa pili, tukavuka barabara kuu taratibu huku upepo ukitumwagia vumbi machoni.

Kaa wangu si wa kupikwa. Ni wale wa nchi kavu, wadogo, wanaoishi ndani ya magamba ya konokono waliokufa. Wakikua hutafuta gamba kubwa zaidi wakahamia humo. Kwetu Pangani wanatambaa ovyo chini ya minazi na hakuna anayejishughulisha nao. Mimi nilijishughulisha nao. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano, nikalelewa na shangazi, na nyumba ya shangazi ilikuwa ya watu wazima wasiotaka fujo. Kaa hana fujo. Ukikaa kimya naye anatoka, kwanza mguu mmoja, halafu macho yale yaliyosimama kama vichwa vya pini, halafu anakutazama. Nilianza kuwafuga kwenye beseni nikiwa msichana, na nilipokwenda Tanga kujifunza ushonaji niliwachukua.

Mume wangu nilimpata kwa sababu yao. Alikuwa fundi wa madirisha ya alumini, amekuja kuweka vioo kwenye duka lililopakana na tulipokuwa tukishona. Nikamwomba anitengenezee tangi kwa vipande vilivyobaki.

"La samaki?" akauliza.

"La kaa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alilitengeneza, na zuri, lenye kifuniko cha kioo. Kesho yake akarudi kuona kama linavuja. Keshokutwa akarudi tena, na hapo hata mwalimu wangu wa ushonaji alijua kwamba tangi halikuwa na tatizo lolote.

Same ni pakavu. Kaa hawa wanapumua kwa unyevu, na mchanga wao lazima uwe na majimaji, la sivyo wanachoka na kufa. Pangani hewa yenyewe ilikuwa inawatunza. Hapa nilinyunyiza maji asubuhi na jioni, nikatandika makumbi ya nazi niliyotumiwa kutoka nyumbani, nikawawekea kibakuli cha maji baridi na kingine cha maji yenye chumvi ya mawe. Hata hivyo mmoja alikufa kabla sijazoea mitaa ya mji. Wawili waliobaki, mkubwa mwenye gando lililovunjika na mdogo, wakawa wazito. Niliwapa ugali, dagaa, vipande vya papai, wakavigusa tu na kuviacha.

Mwaka huohuo mimba yangu ya kwanza ilitoka. Sitaeleza mengi. Nilirudi kutoka hospitali nikakaa kwenye kiti mbele ya cherehani bila kuiwasha, na watu wakaja kunipa pole, wakaondoka.

Nilipopata mimba ya pili daktari alinipima, akanitazama juu ya miwani yake na kuniambia nilale. "Si kupumzika mchana tu. Nikisema ulale, ulale. Choo na kuoga, basi." Mume wangu alikuwa amepata kazi kubwa Moshi, jengo la ghorofa lenye madirisha ya kumtosha miezi. Hatukuweza kuiacha kazi ile. Kwetu hapakuwa na mtu wa kuja. Shangazi alikuwa hawezi tena kupanda hata ngazi ya mlango. Nikamwambia mume wangu atafute msichana wa kazi.

"Nimeshampigia mama," akasema.

Niliogopa. Mama mkwe wangu nilikuwa nimekutana naye mara chache tu, siku ya harusi na sikukuu. Alikuwa mjane, mkulima wa Vudee huko juu milimani, mwanamke mrefu asiyesema sana, Msabato wa kweli ambaye kuanzia Ijumaa jua likizama hagusi jiko. Na Wasabato hawali kaa. Kwao ni najisi, yamo kwenye Biblia pamoja na nguruwe na kambale. Nilikuwa nimekwisha kusikia kwamba kule kijijini habari yangu ilikuwa imefika hivi: kijana ameoa mtu wa pwani, na huyo mtu amekuja na kaa ndani ya sanduku.

Alishuka na gari la asubuhi, na kikapu cha ndizi, mfuko wa maharage, na chupa ya asali aliyoifunga kwa kitenge kama mtoto.

"Shikamoo mama," nilimwambia kutoka kitandani.

"Marahaba mwanangu. Usiinuke." Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akaridhika. Kisha akageuka akaliona tangi kwenye meza ya pembeni. Yule kaa mkubwa alikuwa ametoa miguu. Walitazamana.

"Ndio hao?"

"Ndio hao, mama."

"Mnawala?"

"Hapana mama. Nafuga tu. Sijawahi kula kaa hawa hata siku moja."

"Basi vizuri," akasema. "Maana ndani ya nyumba niliyomo mimi kaa hapikwi."

Akaenda jikoni kubandika makande.

Siku za mwanzo nililala nikilitazama tangi na kuona mchanga unavyokauka. Niliona aibu kumwomba. Mtu ameacha shamba lake na mifugo yake kuja kunimwagia maji ya kuoga, nitamwambiaje anyunyizie maji viumbe ambavyo kwake ni uchafu? Siku ya tatu au ya nne nikajaribu kuinuka mwenyewe na kikombe cha maji. Alinikuta nimefika katikati ya chumba.

"Unakwenda wapi?"

"Mama, wanakauka."

Hakunifokea. Alinishika bega, akanirudisha kitandani, akachukua kile kikombe. "Niambie namna ya kufanya."

Nikamwelekeza. Huku maji baridi, huku ya chumvi, nyunyiza mchanga mpaka ushikane kidogo lakini usiwe tope. Alifanya yote akiwa amekunja uso, mkono mmoja nyuma, kama mtu anayempa mbwa asiyemjua mfupa. Alipomaliza akanawa kwa sabuni mpaka viwiko. Lakini kesho yake asubuhi, kabla sijasema kitu, nikasikia kifuniko cha kioo kikifunguliwa. Alikuwa anawasemesha kwa Kipare, kwa sauti ileile niliyokuja kuisikia baadaye akiwasemesha mbuzi wake.

Asali aliyokuja nayo haikuwa ya nyuki wa kawaida. Ilikuwa ya nyuki wadogo wasiouma, wale weusi wanaolingana na inzi mdogo, anaowafuga kwenye magogo yaliyotundikwa chini ya paa la jiko lake Vudee. Asali yao ni nyepesi na ina uchachu. Alinipa kijiko kila asubuhi, akisimama mpaka nimeze. Ilipokwisha alipanda nyumbani kwa siku moja, jirani akabaki nami, na aliporudi alikuwa na ndoo ndogo ambayo ndani yake mlikuwa na kiota chenyewe alichokikata: vijungu vya nta vya rangi ya kahawia vilivyoshikamana kama zabibu. Nyuki hawa hawajengi sega la matundu. Wanatengeneza vijungu, vingine wanajaza asali, vingine wanajaza chavua, yaani ule unga wa maua wanaoubeba miguuni.

Alikaa chini sakafuni karibu na kitanda changu akaanza kukamua asali ndani ya kitambaa safi. Vijungu vya chavua alivitenga kwenye sahani. Nilimwomba nionje. Ilikuwa chachu na tamu kwa pamoja, inanata kwenye meno, na ina harufu ya ua ambalo sikuweza kulitambua.

"Hii huwa mnaifanyia nini?"

"Kidogo wanakula watoto. Nyingine tunatupa." Akalitazama tangi. Nadhani alikuwa anawafikiria tangu zamani, maana alisema bila mimi kuuliza, "Hawa wako hawali kwa sababu vyakula vya sokoni vimepigwa dawa. Mdudu anajua. Hiki hakina dawa. Niwape?"

Sikuwa nimewahi kusikia kaa anayepewa chakula cha nyuki. Nikamwambia ajaribu kidogo.

Aliweka kijungu kimoja cha chavua juu ya kipande cha kifuu, pamoja na nta yake na vitone vya asali vilivyobakia. Kisha akavuta kigoda akakaa. Magharibi ilikuwa inaingia, saa ambayo kaa huanza kuchangamka. Yule mdogo ndiye aliyetoka kwanza. Alipapasa hewa kwa vile vipapasio vyake, akasimama, akapapasa tena, halafu akalivuta gamba lake mbio mpaka kwenye kifuu. Mkubwa akamfuata. Wakaanza kula, kila mmoja akichota kwa gando na kupeleka kinywani, chota, peleka, chota, peleka, kama watu wawili wenye njaa kwenye sinia moja. Sikuwa nimewaona wakila hivyo tangu Pangani.

"Tazama!" mama mkwe akasema. "Tazama anavyokula kwa adabu! Anatumia mkono mmoja!"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na mimi nikacheka naye kwa uangalifu, nikishika tumbo.

Tangu hapo alikuwa anawapangia chakula. Chavua kidogo, si kila siku, maana niliogopa utamu uliozidi. Siku nyingine jani la mchicha alioupanda mwenyewe nyuma ya nyumba, siku nyingine ganda la yai lililopondwa. Mabuu ya nyuki aliyoyakuta kwenye sega la nyuki wakubwa, alilopewa na kaka yake, waliyamaliza mpaka wakatafuna nta. Alipoona kifuniko cha tangi kina mwanya unaotoa unyevu wote, alichukua nta ya nyuki wadogo, ile laini inayochanganyika na gundi yao, akaikanda viganjani ikapata joto, akaziba pembeni kote na kuacha nafasi ndogo ya hewa. Asubuhi kioo kilikuwa na matone kwa ndani. Kilichonishinda mimi na makumbi yangu yeye alikimaliza kwa donge la nta.

Siku moja mume wangu alirudi kutoka Moshi bila taarifa. Akamkuta mama yake amekaa kwenye kigoda mbele ya tangi, miwani puani, anachambua chavua kwa kijiti. Alisimama mlangoni na begi lake begani.

"Mama! Si ulisema hawa ni najisi?"

Hata hakugeuka. "Najisi kula," akasema. "Kulisha si dhambi."

Nilicheka mpaka nikaogopa.

Wanawake wa kanisani kwake walipokuja kuniona, mmoja alilisogelea tangi akauliza kwa mzaha watapikwa lini. Mama mkwe aliendelea kumimina chai. "Ni wanyama wa mkamwana wangu," akasema. "Wanakula chakula cha nyuki wangu. Ukitaka kuwaona wakila, kaa mpaka jioni." Wawili walikaa mpaka jioni.

Mimba ilipokuwa imekua, yule kaa mkubwa alitoweka. Nilijua kilichotokea. Kaa hawa hujifukia mchangani wanapojivua ngozi. Hukaa huko wiki nyingi, laini na bila nguvu, mpaka ngozi mpya ikakamae. Mama mkwe hakujua. Nilimwona ameshika kijiko, anaanza kuchimba.

"Mama, usimfukue!"

"Amekufa mwanangu. Tumtoe asije akanuka."

"Hajafa. Anajivua. Ukimfukua sasa ndiyo atakufa."

Alikiweka kijiko chini. Akautazama mchanga, akanitazama mimi nilivyolala ubavu na mto katikati ya magoti. "Kumbe naye daktari wake amemlaza," akasema.

Jioni ile hakuwasha redio. Alikaa pembeni ya kitanda akanikanda miguu, ambayo ilikuwa imeanza kuvimba, na ndipo aliponiambia. Kabla ya mume wangu kuzaliwa, yeye naye alipoteza watoto wawili tumboni. Wa pili alikuwa ametimiza miezi yake. Baada ya huyo alikuwa hatoki nje, hataki kulima, hataki kuonekana kanisani. Baba mkwe hakujua la kufanya. Akaenda msituni akarudi na gogo lenye nyuki wadogo, akalitundika chini ya paa la jiko, karibu kabisa na mlango, akamwambia: hawa hawaumi, hawataki uende mbali, wewe waangalie tu wanavyoingia na kutoka.

"Nikawa nawaangalia," alisema. "Kutwa nzima nawaangalia. Wanaingia na unga wa njano, wengine mweupe, wengine mwekundu. Nikawa najiuliza wanautoa wapi. Siku moja nikatoka kwenda kuutafuta huo mti wa maua mekundu. Ndiyo siku niliyotoka."

Aliendelea kukanda. Nilitaka kumuuliza kama aliupata mti. Nilimshika mkono tu, akauacha ushikwe.

Nilijifungua hospitali ya wilaya, mtoto wa kike, wa kilo za kutosha, mwenye sauti ya kusikika mpaka getini. Mama mkwe ndiye aliyempokea kutoka kwa muuguzi. Alimtazama mikono, akamtazama miguu, akamfunika tena. Kisha akainama pale kwenye benchi la korido akasali kwa Kipare. Sikuelewa maneno yote, ila nilisikia jina langu katikati, likitajwa mara nyingi kuliko la mtoto.

Tulipokuwa nyumbani na mtoto ana wiki chache, nilimsikia mama mkwe akiniita kutoka chumba chenye tangi. Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Mchanga ulikuwa umepasuka pembeni ya kibakuli, na kaa mkubwa alikuwa amesimama juu yake, rangi mpya, wekundu uliokolea kama udongo wa milimani baada ya mvua. Gando alilokuwa amelivunja zamani lilikuwa limeota upya, dogo lakini zima. Alikuwa dhaifu. Mama mkwe alikwisha kumwekea chavua mlangoni mwa shimo lake, na alikuwa amekaa kwenye kigoda na mjukuu kifuani, anamwonyesha.

"Nimempa uji wa mzazi," akaniambia.

Alirudi Vudee mtoto alipoanza kutabasamu. Mbuzi walikuwa wamemsubiri vya kutosha, na maharage pia. Nilidhani nyumba itanirudia kuwa ya kwangu, lakini wiki nzima nilikuwa nikisikia kifuniko cha tangi kikifunguliwa asubuhi, nikigeuka, hakuna mtu. Jumapili kondakta wa gari la Vudee alinipigia niende stendi kuchukua mzigo. Ndizi, tangawizi, chupa ya asali, na kikopo kilichofungwa kwa gundi ya nyuki. Ndani ya kikopo mlikuwa na chavua.

Sasa binti yangu ana miaka mitatu. Kaa wote wawili wapo. Mdogo amehamia gamba kubwa zaidi, na tangi limeongezwa urefu na mume wangu, ambaye mpaka leo anadai alinipata kwa sababu ya ubora wa kazi yake. Mimi nimerudi kwenye cherehani. Kazi yangu nyingine siku hizi ni kushona mavazi ya kurinia asali, ya turubai jepesi na wavu usoni, kwa sababu mama mkwe na wanawake wenzake wameanza kufuga nyuki wakubwa kwenye mizinga ya mbao, na hao hawana utani kama wale wa chini ya paa.

Mara nyingi nimetaka kumshukuru ipasavyo. Si kwa asali, wala kwa kuninyweshea kaa. Nilikulia katika nyumba ambayo ulitakiwa usisumbue, nikazoea kuvificha vitu nilivyovipenda ili visiwe mzigo kwa mtu. Yeye alikuja akavikuta mezani, hakuvipenda, na bado akauliza namna ya kuvitunza. Sikujua kwamba mtu anaweza kupendwa hivyo na mama wa mwingine.

Likizo iliyopita tulipanda Vudee wote watatu. Asubuhi moja tulikaa barazani kupukuchua maharage, ukungu ukiwa bado bondeni, mtoto akikimbiza kuku. Nikaona ndiyo nafasi. Nikasafisha koo, nikaanza.

"Mama, kuna jambo nimekuwa nataka kukwambia siku nyingi. Wakati ule ulipokuja Same…"

Alinitazama kidogo, akaona macho yangu yalivyo.

"Najua, mwanangu," akasema, akasogeza maganda kwa mguu ili nikae karibu zaidi. "Nipe hilo beseni, haya yaliyobaki tumalize kabla jua halijawa kali."

Nikampa beseni. Tukamaliza maharage.